Papa alicheza bwana wa watumwa, mamamukwe wangu akafungwa munyororo

Admini, ficha jina langu, Kasongo, hapa kwetu Maniema, ni mji wa watu kujuana.

Mimi ni mwanamuke wa miaka thelathini na moja, Muislamu, mama wa watoto wawili. Mume wangu ni Mukristo, kwao ni wakulima upande wa Lusangi. Ndoa yetu haikukuwa rahisi. Papa alikataa kwa muda murefu, na siku moja kwa hasira akasema hawezi kutoa binti yake kwa washenzi. Ndivyo wakamata watumwa walivyokuwa wanaita watu wa hapa, na mutu wa Maniema akiitwa hivyo hasahau.

Aliyetuokoa ni mamamukwe. Alikuja mwenyewe kwetu na kuku na muchele, akaketi mbele ya Papa. "Muzee, matusi yako nimesikia. Lakini mi nataka huyu mutoto awe wangu." Papa akaona haya, akakubali. Tangu siku ile mama yule alinipenda kuliko hata wanawe.

Basi wakaja watu wa filme, wengine kutoka Kinshasa, wengine wazungu, kucheza habari za wakati wa utumwa. Waliita watu kwenye kiwanja cha mupira, na kila mutu akaenda, hata Papa. Kulikuwa na madame mumoja anapita anatazama sura. Papa ni mweupe kidogo, pua nyembamba, ndevu zimejaa. Madame akasimama hapo hapo: "Bwana wa watumwa ni huyu."

Papa akamwambia, "Madame, sisi si Waarabu. Nyanya ya papa yangu alikuwa Mubangubangu, kabila la hapa, wakamata watumwa walimushika kule Kabambare. Na wengi walioshika bunduki walikuwa watu weusi wa hapa hapa."

Madame akacheka. "Papa, iko kweli. Lakini mutu akitazama kule Ulaya hataelewa. Lazima aone tofauti."

Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake waliochaguliwa kucheza watu wa nyumba ya bwana, na mutandio wangu kama siku zote. Madame akanishika mukono, akautazama. "Wewe uko mweusi sana. Enda upande ule." Wakanivua mutandio, wakanipaka mafuta na majivu, wakanifunga nyuma ya mamamukwe, ambaye walikuwa wamekwisha kumuweka kati ya watumwa. Mimi niliyezaliwa na Papa nikawa mutumwa wake, kwa sababu ya ngozi.

Mwanzoni minyororo ilikuwa ya plastiki. Mukubwa wao akasema hailii vizuri, watazamaji watajua ni uongo, wakaleta ya chuma. Mamamukwe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nikamwambia Madame, "Huyu mama akikwaruzwa haponi haraka." Akasema ni kwa dakika kidogo tu. Tukatembea juani, tukarudishwa, tukatembea tena, tukarudishwa tena, mpaka nikaona damu kwenye kifundo chake. Nikamuomba atoke. Akasema, "Wacha, mwanangu, tumalize twende nyumbani."

Halafu akaanguka. Kamera ilikuwa inaendelea. Mukubwa akapigia Papa kelele kwamba iko mupole sana, aseme kitu ambacho mabwana wale wangesema kweli. Papa akasimama na fimbo yake. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Simama, mushenzi!"

Mamamukwe akainua macho, akamutazama Papa, akasimama. Mukubwa alikuwa anapiga makofi.

Njiani, juu ya pikipiki, mamamukwe aliniuliza jambo moja tu: "Ile ni filme ilisema, ama ni yeye?" Nikamwambia anishike vizuri, njia ni mbaya.

Kidonda hakikupona. Alikificha chini ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaendelea kulima, na tulipomufikisha hospitali mguu ulikuwa umeoza. Daktari alitaka kukata, lakini mama akafa kabla. Watu wa filme walikuwa wamekwisha kuondoka, na namba walizotuachia hazipokelewi.

Leo wadogo za mume wangu wanasema Papa alimuua mama yao. Watu hawaingii tena katika duka lake la vikwembe. Mume wangu hanipigi, hanitukani, lakini nyumbani hatuongei. Siku moja alisema, "Sikuchukii wewe. Lakini nikiona papa yako, naona mama iko chini." Na kipande cha ile filme kimekwisha kufika kwenye simu za watu. Binti yangu alikiona kwa jirani, akaja kuniuliza, "Mama, kwa nini babu anafokea bibi?" Nilimwambia walikuwa wanacheza. Akasema, "Mbona bibi analia?"

Wiki ijayo tunamaliza matanga kule Lusangi, na Papa anataka kuja kuomba musamaha mbele ya watu wote. Nilimwambia watamupiga, wadogo za mume wangu wameapa. Akanijibu, "Lile neno hakuna aliyeniandikia. Nililitoa mwenyewe, lilikuwa ndani. Acha wanipige." Papa ni muzee, moyo wake haiko muzuri, wakimupiga hatarudi muzima. Nilipomwambia mume wangu, alivaa viatu akatoka. Aliporudi akasema, "Papa yako akikanyaga kaburi la mama, na wewe usirudi kwangu. Watoto watabaki."

Nikimuzuia Papa, atakufa na neno lile kifuani, nami nitakuwa nimemufungia mulango. Nikimuacha aende, labda nitazika mutu wa pili na kupoteza watoto wangu. Kila nikitaka kuuliza mutu, yule niliyezoea kumuuliza mambo kama haya ndiye aliye kaburini.

Ndugu zangu, ninyi munaosoma, Waislamu na Wakristo, munishauri kama dada yenu. Nimuzuie Papa, ama nimuache aende?