Fundi Aliyeziba Ukuta wa Bintiye

Mama Lipu hakuwa mtu wa kununa, alikuwa mtu wa kufoka. Akikuta umeziba tundu la ukutani kwa dawa ya meno, unapewa vidonge vyako hapo hapo. Tundu unalikwangua kwanza mpaka kinachobomoka kiishe, unalilowesha maji, unajaza kidogo, unasubiri likauke, unajaza tena, ndipo unapiga msasa. Miaka ishirini na sita aliishi kwa kazi hiyo, na sifa yake ilikuwa moja: kiraka chake hukioni hata ukitoa macho.

Sifa hiyo ndiyo iliyomchoma siku ile, akiwa sebuleni kwa mkwewe, mume wa bintiye. Binti huyo alikuwa amekimbilia kwa mama yake wiki mbili zilizopita, na sasa wazee wa pande zote wamekaa kuamua kama arudishwe kwa mumewe au la.

Mkwe alikaa kwa adabu, mikono mapajani. Akasema hajawahi kumrushia mkewe hata kijiko, ila mwanamke ana maneno mengi tu.

"Kama narusha vitu, alama ziko wapi?" akauliza. "Tazameni ukuta, wazee wangu."

Wakageuza shingo, wakatazama. Ukuta safi, hauna hata kovu. Hata mjomba wa binti akaanza kusema mambo ya kuvumiliana.

Lo! Damu ikampanda Mama Lipu. Mara nne ameitwa nyumba hii kuziba vitundu. Mara ya kwanza aliambiwa pasi ilidondoka. Pasi gani hiyo inayodondoka kwenda ukutani? Mara ya pili, ati stuli. Ya tatu na ya nne hakuuliza. Alijaza, akapiga msasa, akajiondokea. Alimkasirikia mkwe, ndiyo, lakini alijikasirikia zaidi mwenyewe, mtu mzima na akili zake.

Akatoa nyundo kwenye mkoba wa kazi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akaugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akapiga. Kiraka kikaanguka kwenye zulia, tundu likabaki wazi. Akasogea, akapiga tena. Tundu la tatu lilikuwa nyuma ya kabati; alipolisukuma kando, mkwe akainuka kumzuia, na baba yake mzazi akamwambia kaa chini. Akapiga la tatu, kisha la nne. Yote yalikuwa usawa wa kichwa cha mwanamke aliyesimama.

"Yote manne nimeyaziba mimi," akawaambia wazee. "Nimemfichia huyu kwa mikono yangu mwenyewe."

Akarudi kuketi, akijua amemaliza. Binti yake, aliyekaa pembeni yake, akaichukua nyundo, akaenda karibu na dirisha, mahali ambapo mama yake alipita bila kushtuka. Akapiga mara moja.

La tano. Mama Lipu akainuka, akapitisha kidole kwenye kingo zake. Zilikwanguliwa sawasawa, na lipu ilijazwa mara mbili. Kazi safi kabisa.

"Hili nililiziba mwenyewe," binti akasema. "Niliona aibu kukuita tena, mama."

Mjomba akainamisha kichwa. Habari ya kurudi haikuzungumzwa tena. Mama Lipu alitaka kufoka, lakini akabaki ameshika ule ukuta.