Safari ya Lamu Niliyoikataa Mara Moja

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba, katika mwaka wa pili wa ndoa yangu. Mvua ilikuwa imenyesha Eldoret tangu asubuhi. Tulikuwa watatu mezani, yaani mume wangu Wafula, mama yake na mimi, tukila ugali na mboga za kunde katika nyumba yetu ya kukodi hapa mtaani Kimumu. Wafula alikuwa karani katika kiwanda cha nguo. Alisubiri hadi mama yake amege tonge la kwanza, ndipo akatueleza kwamba kiwanda kimemchagua kuwa mfanyakazi bora, na kwamba zawadi yake ni likizo ya siku nne katika kisiwa cha Lamu, yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza.

"Sasa Jerita," akaniambia, "twende ukaone bahari?"

Nilitaka kwenda. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu siku ile sikulisema. Nilikuwa na gauni jepesi la maua, la mikono mifupi, ambalo baridi ya Eldoret haikuwahi kuniruhusu kulivaa, na moyoni nililiona tayari likipepea ufuoni. Lakini mimi nililelewa kukataa kwanza. Kwetu, mgeni akikaribishwa chai husema ameshiba. Mwenyeji humimina hata hivyo, mgeni hunywa, na heshima ya wote wawili hubaki palepale. Mke kijana angewezaje kurukia starehe mbele ya mama mkwe wake? Niliinamisha kichwa.

"Aa, mimi? Na nyumba nitamwachia nani? Tafuta mtu mwingine tu."

Kisha nikangoja amimine.

Wafula alinitazama kidogo, akamgeukia mama yake. "Na wewe, mama?"

"Naenda," akajibu, tonge likiwa bado mdomoni. "Ni lini?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimezika mume, lakini wivu kama ule sijauonja tena. Nilikuwa kijana, mgongo wangu umenyooka, nami nilimwonea wivu mama wa watu mwenye goti bovu. Wafula alimnunulia malapa ya bluu. Niliyatazama kama kwamba yameibwa miguuni pangu. Kule bombani mama mkwe aliwatangazia majirani, "Kijana wangu ananipeleka Lamu! Huyu bibi yake anaogopa maji." Wanawake walicheka, nami nikacheka nao hadi mashavu yakaniuma.

Siku moja kabla ya safari alinijia chumbani. "Jerita, niazime lile gauni la maua. Mimi nina masweta tu."

"Limepasuka, mama."

"Limepasuka wapi?"

"Kwapani."

"Pole yake," akasema, akaenda zake.

Gauni lilikuwa zima, limekunjwa sandukuni. Walipoondoka nilifunga mlango, nikalivaa, nikaketi kitandani nikitetemeka kwa baridi. Niliwawazia wakiipita Timboroa na ukungu wake, wakishuka kwenye joto, mume wangu akimbebea mfuko na kumwonyesha minazi ambayo ningepaswa kuonyeshwa mimi.

Walirudi na picha moja. Mama mkwe amesimama baharini, maji yamemfika magotini, amefunga vifungo vya sweta hadi shingoni, anacheka mdomo wazi. Wafula amemshika mkono.

Kesho yake, Wafula akiwa kazini, tuliketi mimi na mama tukichambua kunde.

"Ulitaka kwenda," akasema bila kuniangalia.

Nikachambua jani jingine.

"Nilikuona usoni. Hata huyo kijana wangu, angekuwa na macho angekuona."

"Sasa mbona ulikubali, mama?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Hakukasirika. "Nilitaka, na nikaulizwa. Baba yake Wafula aliwahi kuniambia twende Kampala, tukiwa bado wapya. Nikasema, nani atachunga ng'ombe? Nikangoja anibembeleze. Mpaka tunamzika nilikuwa bado nangoja." Akatupa kikonyo cha kunde. "Nikaapa mtu akiniuliza tena, sitamaliza hata kumeza. Na wewe uache kuniletea hiyo sura. Nimechemka ndani ya sweta kama kiazi, kwa sababu ya gauni lako la kwapa!"

Nilicheka bila kutaka. Wivu haukuondoka, bali ulijua sasa pa kuketi.

Jioni ile nilimwambia Wafula ukweli. Alishangaa sana. "Kwani si ulisema hutaki?" Tuliahidiana kwenda Lamu, na kila Desemba tukaahirisha, mara karo, mara ugonjwa, hadi akanitoka. Bahari sijaiona. Lakini siku mwalimu wa elimu ya watu wazima aliposimama kanisani kuuliza ni nani angependa kusoma, mimi, mama wa watoto wawili, nilisimama kabla hajamaliza swali. Siku ya kwanza darasani nilivaa gauni la maua, na sweta juu yake. Ndiyo sababu leo naweza kukuandikia.

Picha ile ninayo ukutani. Wajukuu wanaosoma huko Kesses wakija hulicheka sweta. Mimi huutazama ule mkono wa mume wangu, na hadi leo wivu hunichoma, kwa kuwa ulinyooshwa kwangu kwanza.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu: ukitaka jambo, litamke. Usimjaribu anayekupenda kwa kumwambia hapana ambayo humaanishi, maana huenda akakuheshimu kiasi cha kuiamini. Nawe unayealika, uliza tena, kwani wengine wetu tulifundishwa kungoja. Mungu akujalie watu wa kukuuliza, akupe ulimi mwepesi wa kuitikia, na siku utakapoingia majini, uwe umeushika mkono wa umpendaye, ungali na joto.