Kitabu cha Picha Kilichotuvuruga Idi

Wenzangu tuliokulia Mbwera miaka ile mtanielewa nikisema kwamba likizo kwetu haikuwa mapumziko. Shule ikifungwa Desemba, hata kengele haijanyamaza vizuri, sisi tumeshapakiwa mtumbwini pamoja na majembe, masufuria na kuku, tunapelekwa shamba la mpunga kulinda mbegu. Tulikaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na nguruwe wasituingilie. Kazi yetu watoto ilikuwa kelele. Ndege wakitua, tunapiga madebe. Kaa wakitoka matopeni kukata miche, tunawafukuza kwa vijiti, na wale wazito wa mbio tunawala kwa tui na pilipili. Nikiwasimulia wajukuu zangu habari hizi, wananiuliza simu tulikuwa tunachaji wapi.

Mwaka mmoja, Idi ya kuchinja iliangukia katikati ya likizo hiyo. Mwaka huohuo Mwalimu Paulina aliniazima kitabu. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa bara, Mkristo peke yake katika kijiji kizima, na alinipenda kwa sababu nilikuwa najua kusoma bila kufuatisha mistari kwa kidole. Siku ya kufunga shule aliniita, akafunua kanga yake, akanipa kitabu chenye jalada gumu. "Kasome na ndugu zako sikukuu hii," akasema. "Ila kisilowe."

Kisilowe! Na sisi tunakaa juu ya maji. Mama alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya debe la mchele, na kila kilipotolewa kilinukia mchele.

Tatizo ni kwamba hakikuwa kitabu cha kusoma. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu wakati huo kilikuwa kusimama mwalimu akiingia na kukaa akisema kaa. Zilizobaki ni picha. Picha ya kwanza ilikuwa nyumba, na nyumba ile, na miti, na njia, na uzio, vyote vilikuwa vyeupe pe. Tukakaa, familia nzima, tukiitazama: mimi, dada yangu Mwajuma aliyenizidi mwaka, mdogo wetu Seif ambaye alikuwa bado hajaanza shule, Mama, Baba na Bibi mzaa baba.

"Mafuriko hayo," Bibi akasema. "Povu limepanda mpaka juu ya paa. Masikini, watu wa watu."

"Chumvi," Baba akasema. Aliwahi kufanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi huko pwani, kwa hiyo alizungumza kama mwenye nayo. "Imeachwa haikuzolewa. Watu wavivu hao."

Mama yeye aliona sufi. Misufi imepasuka yote kwa pamoja, akasema, na upepo umeitawanya. Wakabishana hadi chai ikaisha, na mimi niliyetumwa kuwasomea nikawa naangalia mdomo wa kila anayesema, nikikubaliana na wote.

Picha zilizofuata zilizidi kutuchanganya. Mti umeingizwa sebuleni, umekatwa na kusimamishwa humohumo ndani, na Baba, ambaye aliishi kwa kukata mikoko na kuiuza boriti, akataka kujua kwa nini mtu akate mti mzuri vile kisha auvalishe shanga. Halafu akatokea mzee. Ndevu nyeupe, kofia nyekundu, gunia begani, anapanda juu ya nyumba ya watu. Ukurasa mmoja unaonyesha mtoto amelala kitandani. Ukurasa wa pili, kitanda kitupu.

Bibi alikifunga kitabu kwa kiganja. "Kwa leo basi," akasema.

Lakini Mwajuma alikuwa na jibu lake, na alingoja tuwe watatu shambani na madebe yetu ndipo alitoe. "Yule ni mumiani," akamwambia Seif. "Hukumwona na gunia? Mtoto keshatiwa mle."

"Anakuja na huku?" Seif akauliza.

"Anakwenda kwenye nyumba zilizo juu," Mwajuma akasema, akatazama dungu letu kwa huzuni kubwa.

Niseme haki, Mwajuma mwenyewe alikuwa ameamini. Ile picha ya kitanda kitupu ilituogofya sote, na mimi sikuwa na maelezo mengine ya kuwapa. Tangu hapo Seif akawa halali mpaka awe katikati ya Baba na Mama, na ngazi ya dungu akataka ivutwe juu.

Siku moja kabla ya Idi, alasiri, maji yakiwa yanaanza kujaa, alikuja Babu Mpili. Huyu alikuwa mjomba wake Mama, mkazi wa Maparoni. Seif hakuwa amewahi kumwona, maana alikuwa hajatutembelea kwa muda mrefu kwa sababu ya mguu wake. Mama alimtumia salamu aje ale Idi nasi, naye akataka kutushtukiza. Kwa hiyo hakupiga hodi mbali. Alifunga mtumbwi wake pale chini, akaweka begani gunia la nazi na samaki ng'onda, akaanza kupanda ngazi polepole, akihema. Kwanza ikajitokeza tarbushi yake nyekundu. Halafu ndevu, nyeupe kama zile za kitabuni. Halafu gunia.

Seif hakulia. Ningekuwa nimesikia kilio ningemshika. Nilichosikia ni kishindo cha matope upande wa pili wa dungu, na nilipogeuka nikauona mgongo wake ukipotea kwenye mikoko.

Nyinyi mliokulia huko mnajua maana yake. Maji yanajaa. Matope ya mikokoni yakishaloa yanameza mguu wa mtu mzima, sembuse wa mtoto, na vijito vile vina wenyewe wenye meno. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Baba alitupa jembe, akaingia na kisu chake cha kukatia mikoko, Mama nyuma yake, sisi nyuma ya Mama. Na Babu Mpili, na mguu wake mbovu, akashuka upesi kuliko alivyopanda, akawa mbele ya wote, anaita kwa sauti yake nzito ya kuitia watu ng'ambo: "Seif! Seif ee! Njoo kwa babu! Njoo, babu amekuletea gunia!"

Tuliita, tukanyamaza, tukasikiliza. Hakuna jibu. Maji yalikuwa yameshafika magotini kwangu, na kila Babu alipoita ndivyo hofu ilivyozidi kunipanda, nami sikujua kwa nini. Halafu nikajua. Nikamshika Baba shuka.

"Baba, mwambie Babu anyamaze."

"Unasema nini wewe?"

"Anamkimbia yeye. Anadhani ni yule mzee wa kitabuni. Mwambie anyamaze, avue na kofia."

Baba alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. Kumwambia mjomba wa mkewe anyamaze, mtu mzima, mgeni wa Idi! Lakini Mama alishasikia. Alimsogelea mzee, akamshika mikono yote miwili. "Mjomba, nisamehe. Nakuomba usiite tena."

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa. Nyamaza tu."

Babu Mpili akavua tarbushi, akaificha kifuani chini ya shati, akasimama kwenye maji kichwa wazi. Sijawahi kumwona mtu mzima aliyechanganyikiwa vile. Mama akaita taratibu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula, na juu, karibu sana nasi, juu kabisa ya vichwa vyetu, sauti ndogo ikajibu, "Keshaondoka?"

Alikuwa amekwea mkoko. Ameng'ang'ania tawi kama komba, miguu imechanjwachanjwa na chaza walioganda kwenye mizizi, na kumbe muda wote alikuwa anatuona tunapita chini yake. Baba alimshusha, akambeba begani mpaka dunguni. Nilikuwa nimejiandaa kwa viboko, sote tulikuwa tumejiandaa, lakini havikupigwa. Baba alikaa chini, akamweka mtoto mapajani, akaanza kumfuta matope miguuni.

Babu Mpili akaomba aonyeshwe huyo mtu aliyefananishwa naye. Kitabu kikatolewa kwenye debe la mchele. Alikitazama muda mrefu, akikisogeza mbali na kukirudisha karibu. "Mbona huyu ana viatu vizuri?" akasema. Kisha akalivuta gunia, akalimwaga lote pale kwenye sakafu ya miti. Nazi zikabiringika, nyingine zikadondoka majini, ng'onda wakatapakaa. Akalishika gunia tupu mdomo wazi. "Chungulia, bwana mdogo. Tazama kama kuna mtoto."

Seif alichungulia. Halafu akaingiza kichwa chote, akakaa humo, na kutoka ndani ya gunia tukasikia, "Linanuka samaki."

Idi ile ilikuwa tamu. Mama alipika pilau ya kuku kwa sababu mbuzi hatukuwa naye, na Seif alishinda amevaa ile tarbushi, imemfunika mpaka machoni.

Shule ilipofunguliwa nilimrudishia Mwalimu Paulina kitabu chake, nikamweleza yote. Alicheka hadi akajifuta machozi. Akaniambia ule weupe ni mvua ya nchi za baridi, inashuka imeganda, na yule mtoto aliamka kwenda kutazama zawadi.

"Wewe mwalimu umewahi kuiona hiyo mvua?"

"Hapana," akasema. "Nami nilionyeshwa kwenye picha tu."

Nikaenda kukaa kwenye dawati langu nikiwa sijui zaidi ya nilivyokuwa najua mwanzo. Na nilipowapelekea nyumbani maelezo yale, Baba alisema mvua haigandi, mwalimu ametaka kunifurahisha.

Sasa mimi ndiye bibi. Naishi Kibiti mjini, na wajukuu zangu wawili, Nasra na Ilyasa, huletwa kutoka Dar kila likizo. Safari hii niliona niwe na vitabu vya kuwasomea sikukuu, nikaenda kibanda kimoja karibu na soko. Nilidhani ni jambo la dakika chache. Mabwana! Vitabu vimejaa, vyote vinang'aa. Nikashika cha kwanza: nyumba nyeupe pe, na mzee wangu yuleyule juu ya paa, amenona zaidi. Nikakirudisha upesi.

"Nitafutie cha Idi," nikamwambia kijana muuzaji.

"Kipo, bibi yangu. Hiki ndo kinatesa."

Cha Idi kilikuwa na ngamia. Jangwa, mchanga mpaka mwisho wa karatasi, watoto wamevaa vizuri, hakuna hata tone la maji. Nimesherehekea Idi tangu nizaliwe, sijawahi kumwona ngamia. Nikauliza cha likizo, nikapewa sungura anayepanda ndege na begi la magurudumu. Kijana akabonyeza kitabu kingine, kikaimba. Nikasimama pale na vitabu mikononi, sijui nichukue cha sikukuu isiyo yangu kwenye nchi isiyo yangu, au cha sikukuu yangu kwenye nchi isiyo yangu. Nikampigia mwanangu. "Mama, chukua chochote," akasema. "Hao wanasoma wenyewe."

Nilichukua cha ngamia.

Alasiri tukakaa barazani, nimewakatia embe bichi na chumvi, nikamweka Ilyasa kushoto na Nasra kulia, nikavaa miwani. Kabla sijafunua vizuri, Nasra alikichukua mkononi mwangu akaanza kusoma. Anasoma huyo! Haoni haya, hakwami, maneno yanamtoka kama mahindi kwenye kinu cha mashine. Kurasa zinapinduliwa hata sijaona nani amevaa nini. Sisi picha moja tuliikalia jioni nzima, tukagombana, tukaikosea yote, na mimi huyu ninayelalamika nilikuwa nikitamani kuijua lugha ile ili mambo yaishe upesi. Embe zilikuwa hazijaguswa, na kitabu kimekwisha.

"Nimemaliza, bibi. Kuna kingine?"

"Ngoja kwanza," nikasema. Nikarudisha ukurasa wa nyuma, ambapo ngamia mmoja alikuwa peke yake kwa mbali, amewapa watu wote mgongo. "Huyu anakwenda wapi?"

Nasra aliinama, akatafuta chini ya picha, akapitisha kidole kwenye mstari wote mpaka mwisho.

"Haijaandikwa," akasema.

"Najua. Nakuuliza wewe."

Akaniangalia, akaiangalia picha, kisha akamwangalia mdogo wake kama atamsaidia.