Bima ya Wamarekani Kwenye Sinia ya Ami Nassor

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nyumbani kwa Ami Nassor hapa Matrah, mjini Maskati, Omani, tulipokula samaki na Wamarekani wawili huku tukigombana juu ya bima ya afya ya nchi ambayo mimi sikuwahi kuikanyaga. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ukarani katika kampuni ya mitambo kule mtaa wa Ghala. Mkubwa wangu alikuwa mhandisi, Bwana Walter, na mkewe akiitwa Nora. Ami yangu aliwapenda, maana yeye alimpenda kila mtu aliyejibu suali zake, na suali zake zilikuwa hazina mwisho.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, kwani bila ya hayo hutaelewa kilichotokea. Kwao wakati ule, mtu wa kawaida alipata bima ya matibabu kupitia kazi yake. Akiacha kazi, aghalabu bima nayo humwacha. Akenda kuinunua mwenyewe, kampuni za bima zilikuwa na haki ya kumuuliza kama aliwahi kuugua, na wakiona aliwahi, humkatalia. Nora aliwahi kutibiwa saratani ya titi. Alishapona, lakini ile kuwa aliwahi tu ilitosha. Bima ya kampuni ya mumewe ilimsimamia akiwa huku. Walter angeacha kazi warudi kwao, akafungue karakana yake kama alivyotaka, Nora angebaki bila bima.

Naye alitaka kurudi. Mama yake alikuwa mtu mzima, macho yameshapungua, anaishi peke yake. Nora alikuwa akimpigia simu kila wiki, na akimaliza huja ofisini kwetu macho mekundu, akisingizia vumbi la Ghala.

Miezi ile, rais wao alikuwa ameleta mpango wa kuwapa bima watu wote. Kampuni zisimkatae mtu kwa maradhi ya zamani, na waajiri wachangie. Nchi nzima ilikuwa inabishana. Ukiusoma ule ubishi leo utadhani watu walibishana juu ya dawa na madaktari. Wengi walikuwa wakibishana juu ya rais na chama chake.

Basi siku hiyo Ami akamwekea Walter kipande cha nguru, akasema kwa Kiingereza chake cha skuli za Unguja, "Bwana Walter, nna suali. Mtu aliyewahi kuumwa, ni haki kampuni imkatae?"

"Si haki hata kidogo," Walter akajibu. "Ni uonevu."

"Na akiacha kazi, bima ikatike?"

"Hilo nalo baya. Ndiyo maana mpaka leo niko hapa nakula samaki wenu."

"Na tajiri amchangie mfanyakazi wake?"

"Tajiri mkubwa, sawa. Mwenye karakana ndogo atafilisika."

"Kwa hiyo mengi ya mpango wa rais wako unayakubali."

"Si rais wangu! Sikumpa kura yangu." Walter alirudisha tonge kwenye sinia. "Wale watu wakishika kitu lazima wakiharibu. Watatuletea makarani mia wa kutuchagulia daktari."

Nora akamgeukia Ami. "Huyu, chama kile kikisema jua linatoka mashariki, atatoka nje kwanza akahakikishe."

"Na wewe," Walter akamjibu, "wakikwambia linatoka Matrah utapiga makofi."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi, nikamwambia Ami kwa Kiswahili, palepale mbele ya wageni, "Huyu mwanamme kichwa maji! Mkewe ndiye atakayeumia, na yeye anaona chama tu."

Ami hakucheka tena. Wageni walipoondoka aliniita jikoni, akaniuliza, "Salha, huo mpango wewe umeusoma?"

"Sijausoma, Ami."

"Sasa unautakia nini?"

"Rais yule anasema vizuri. Tena kijana."

"Haya. Mwenzako anaukataa kwa kuwa rais yule hampendi, wewe unautaka kwa kuwa unampenda. Niambie, mna tafauti gani?"

Ami akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akanipa khabari ambayo nilikuwa sijapata kuisikia nyumbani kwetu.

Zama za siasa kule Unguja, kabla ya Mapinduzi, wazee wetu hawajahamia huku, dada yake mkubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mkunga hodari, ndiye aliyemzalisha mama yao watoto wote, Ami mwenyewe akiwemo. Lakini mkunga yule alikuwa chama kingine. Siku zile watu wa vyama viwili hawakuuziana kitu wala hawakuzikana. Babu yangu akasema mkono wa wale hauingii nyumbani kwake. Akatumwa mtu amfuate mkunga wa chama chao, mtaa wa mbali. Alipofika, dada mtu alikuwa hai, mtoto hakuwa na pumzi.

"Na asubuhi yake," Ami akasema, "yule mkunga jirani alipita mlangoni kwetu na sufuria ya uji wa mzazi. Hakujua kama mtoto hakuishi. Baba alishindwa kumtazama. Mpaka leo nauliza chama chetu kilipata nini siku ile."

Akanyanyuka, akaniambia nikaoshe sinia.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta magazeti ya Kiingereza na kuusoma ule mpango. Niliona mengi ya kunishangaza. Mpango wenyewe ulikuwa mrefu na mgumu, na baadhi ya waliouogopa walikuwa na sababu za kweli: gharama, kodi, kuchaguliwa daktari. Hofu ya Walter juu ya karakana ndogo haikuwa upuuzi. Lakini nilisoma pia kwamba watu wakielezwa vipande vyake bila kutajiwa mwenyewe, wengi walivipenda, na wakitajiwa ni wa nani, hurudi nyuma. Nikajiuliza, akili ya mtu hufungwa wapi, katika jambo au katika jina? Suali hilo ninalo mpaka leo.

Mwishowe mpango ulikufa bungeni kwao, haukufika hata kupigiwa kura ya mwisho. Khabari ilipokuja, Walter aliingia ofisini na gazeti, uso umemng'ara. Nora alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya meza yangu akimngoja waende sokoni.

"Tumeshinda!" Walter akasema.

Nora akamwangalia. Hakupandisha sauti. "Sisi gani, Walter?"

Niliinamisha kichwa kwenye taipureta. Nilimsikia Walter akilikunja lile gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono. Walitoka pamoja, yeye akimshikia mlango.

Mama yake Nora alifariki kabla mwaka haujageuka. Nora alikwenda kuzika, akarudi Maskati, kwa sababu bima ilikuwa Maskati. Siku moja Walter alisimama kwenye meza yangu bila kazi yoyote, akaniambia, "Salha, ule mpango ningeukataa tena. Ulikuwa na makosa. Lakini nilipaswa kukaa na Nora kwanza, tuangalie unatuhusu vipi sisi wawili, halafu ndiyo niukatae. Sikukaa naye. Nilishaamua siku ile niliposikia umeletwa na nani." Sikumcheka. Nilimpa kiti, nikamwitia chai.

Mwanangu, nakuona na simu yako, unaingia kwenye mabishano ya nchi za watu na ya nyumbani pia. Sikukatazi kuwa na upande. Wamarekani wenyewe wangali wanabishana juu ya matibabu, kila baada ya miaka kwa jina jipya, na wewe utakutana na ya kwako. Ninalokuomba ni hili: jambo likija, lifunue ulitazame lenyewe, ujue linafanya nini na linamgusa nani, hasa aliye karibu nawe. Ukishaelewa, kubali au kataa kwa moyo wako wote. Na anayekataa unachokitaka usimwite kichwa maji. Muulize anaogopa nini, kisha mwache amalize kujibu. Utajifunza, na huenda naye akajifunza.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira na afya isiyokupasa kumwomba mtu ruhusa, na siku utakayosema "sisi", wale unaowapenda wawe ndani yake. Amin.