Maganda ya Babu Hayasuguliwi

Nakumbuka Jumamosi moja hapa hapa Tumati, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu, na usicheke. Najua nimekuzidi madarasa manne tu, lakini jana nimekukuta mlangoni pa stoo ya Babu na stilwaya mkononi, nikachoka kabisa. Kaa chini.

Babu alifanya kazi na wawindaji miaka mingi. Alistaafu na bunduki moja ya leseni na ufundi wa kujaza upya maganda ya risasi, na ana kibali chake. Risasi hizo ni za kutishia nyani kwenye mahindi. Kabla ya kujaza ganda lolote analikagua. Mdomo una ufa? Karibu na kitako kuna mstari unaong'aa, umezunguka kama pete? Mstari huo maana yake shaba imechoka, itakatika hapo, na moto utarudi usoni kwa mwenye bunduki. Ganda baya analitia nukta ya mkaa na kuliweka pembeni. Ni kazi ya kuchosha hata kuitazama.

Jumamosi hiyo alienda msibani. Mimi, fundi wa misaada isiyoombwa, nikaona maganda yamefubaa. Unajua kwetu mgeni akija anaanza kuangalia sufuria, na mtoto anasifiwa sufuria iking'aa. Basi nikachukua majivu na stilwaya, nikasugua yote sitini, yenye nukta na yasiyo na nukta, nikayamwaga kwenye kopo moja, lile analowekea mazima. Nilijisifu wiki nzima, fikiria.

Babu akakuta kopo la maganda mazima limejaa. Macho yake yamepungua, akaamini kopo, akajaza matano.

Jumamosi iliyofuata nyani wakashuka mchana. Babu akabeba bunduki, akaenda shamba. Dada Paskalina akaingia stoo kuchukua jembe, akatoka na swali.

"Wewe, yale ya nukta nyeusi yako wapi?"

"Ule uchafu? Nimeutoa."

"Umeutoa ukaweka wapi maganda?"

Mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba hii, lakini hapo nilikumbuka lile kopo moja na risasi alizobeba Babu. Nikakimbia.

Babu alikuwa ameshaweka bunduki begani, shavu limeegemea kitako chake cha mbao. Nikapiga kelele ashushe. Akashusha taratibu.

"Shikamoo Babu," nikasema, sijui kwa nini, maana asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba. Nyani wanakula. Sema."

Nikasema yote.

"Ulisugua," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Kwa majivu."

"Na stilwaya, Babu."

"Huko shuleni mnafundishwa nini? Ule uchafu ndio nilikuwa nausoma."

Tukawafukuza nyani kwa kupiga madebe, na walishamaliza mistari miwili ya mahindi. Kisha Babu akaniambia nikae mbali, akazifungua mwenyewe zile risasi tano. Maganda yalipobaki matupu akanipa waya uliokunjwa ncha: niuingize ndani, niuvute polepole kwenye ukuta wa ganda. Ukinasa, kuna mfereji, yaani shaba imeliwa kwa ndani. La kwanza nililopewa ndilo lililokuwa ndani ya bunduki.

Waya ukanasa.

Babu akalibana kwa koleo, akalikunja kidogo tu. Likakatika kuzunguka, vipande viwili. Hakunipiga. Alijipangusa shavu, lile la kuegemea bunduki, akaniambia yote sitini yatupwe, maana hakuna tena linaloweza kuaminika kwa macho.

Kwa hiyo, mwanangu, leo sitanii. Kitu cha mzee ukikikuta kichafu, uliza kwanza uchafu huo una kazi gani. Na ukishaharibu, sema kabla hajakitumia, hata kama utaonekana mjinga. Mimi nimeonekana, na ugali bado napewa.

Mungu akupe mikono inayojua kutulia. Na siku mikono ikikataa kutulia, akupe mbio za kufika shambani mapema.