Nyeusi ya Kabuti ya Baba

Kuna Jumamosi moja hainitoki kichwani, mwanangu. Ndio, nimekuita mwanangu. Najua mimi niko Form Three na wewe uko Form One, na kati yetu kuna miaka miwili tu na ndevu zangu nne ambazo mwalimu wa zamu ameniamuru ninyoe. Lakini ni wewe uliyekuja kuniuliza nguo nyeusi hupakwa namna gani kwenye visanamu vyako vya udongo, kwa sababu watu wako wote wanatoka kama njiti za kiberiti zilizoungua. Basi kaa chini. Mzee anaongea.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimemaliza kisanamu cha baba yangu. Urefu wake kidole cha kati, na nilikuwa nimehangaika nacho likizo nzima.

Baba alikuwa soja, mlinzi wa usiku, kwenye ghala moja la mahindi, upande wa kutokea mjini kwenda Moi's Bridge. Baridi ya Eldoret unaijua, kwa hivyo alikuwa na kabuti nyeusi, nzito, inayofika chini ya magoti. Alifariki wakati dada yangu Jebet alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Picha tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho peke yake, na wewe umeona vitambulisho: kila mtu pale anakaa kama anangoja kudungwa sindano. Jebet siku hizi ana miaka sita na swali lake ni moja. "Baba alikuwa anakaa aje?" Mama akiulizwa husema, "Alikuwa mtu mzuri," halafu anakumbuka ameacha kitu kwa moto. Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili alipoenda, namkumbuka vizuri, lakini nikifungua mdomo kumweleza mtoto, mdomo ambao hapa shuleni haujawahi kukosa la kusema, naona hauna kitu.

Ndio nikaamua nitamtengeneza, Jebet amshike kwa mkono.

Uso ulikubali. Kofia ikakubali, hata rungu likakubali. Ikabaki kabuti. Sasa mwanangu, mtu aliyelelewa na ukaguzi wa viatu kila Jumatatu asubuhi akiambiwa "nyeusi", anafikiria kitu kimoja tu. Nikachukua rangi ya viatu. Nikaipaka kabuti yote, nikangoja ikauke, halafu nikaisugua na kitambaa mpaka ikang'aa. Nilijiona fundi kweli. Ungeweza kuchana nywele ukijiangalia mgongoni mwa baba.

Nikampelekea Jebet. Akamgeuza, akamnusa.

"Hiki ni kiatu cha nani?"

"Si kiatu. Ni baba."

Akamwangalia tena kwa heshima, kama vile mgeni huangaliwa. "Baba alikuwa kiatu?"

Nilicheka. Mama naye akaja, akifuta mikono. Akaangalia. "Ni mzuri," akasema, akarudi jikoni. Mwanangu, afadhali angesema ni mbaya. Ulikuwa ule uzuri wa "alikuwa mtu mzuri".

Mchana nikakipeleka kile kisanamu kwa Mzee Karanja. Huyu ni fundi wa cherehani karibu na stendi, mzee wa kutoka Nyeri ambaye amekaa hapa miaka mingi hadi anatusalimia kwa Kikalenjin kibovu kwa makusudi. Yeye ndiye aliyekuwa akishona mifuko ya ile kabuti kila ikitoboka. Nilidhani atanisifu. Aliweka kisanamu juu ya cherehani, akavaa miwani, akavua miwani.

"Huyu ni nani, askofu?"

"Ni baba, Mzee. Na ile kabuti yake."

"Kabuti nilishona mimi? Ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi gani?"

Nikamwangalia. Nikafikiria uzee umefika. Nikamjibu kwa ile sauti yangu unayoijua, "Mzee, kwani ziko ngapi?"

Hakukasirika. Alivuta droo akanitolea nyuzi saba, zote nyeusi. Akaniambia nitoke nazo mpaka mlangoni. Ndani ya duka zilikuwa uzi mmoja, nakuapia. Nje kwenye jua mmoja ukawa kahawia kama chai ya rangi, mmoja ukawa na ubluu, mmoja ulikuwa kijivu kabisa hadi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mteja akileta nguo nyeusi," Mzee Karanja akasema, "mimi sishoni kabla sijaitoa nje. Wewe kijana, unajua mdomo. Macho hujui. Hii umepaka ni neno 'nyeusi'. Baba yako hakuvaa neno. Kabuti iko wapi?"

Nguo za baba ziligawiwa baada ya mazishi, na kabuti ilienda kwa baba mdogo, Anko Kibet, ambaye anafuga ng'ombe huko Moiben. Nikaenda jioni hiyo hiyo, nikamwambia Mama nimetumwa na shule. Kwa hilo usinifuate.

Asubuhi nilitoka nje jua likiwa limepanda, na kabuti ilikuwa inakuja kutoka zizini.

Nitakwambia ukweli. Nilitaka kulia nikacheka kwanza, kwa sababu Anko ni mfupi na kabuti ilikuwa inafagia kinyesi cha ng'ombe kwa nyuma. Halafu akageuka kufunga lango, kola ikiwa imeinuliwa, na kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili hivi, alikuwa baba yangu anafunga lango. Sikusonga. Nilijua kabisa ni Anko. Lakini nilitaka lile lango likatae kufungika, lichukue asubuhi yote.

"Anko, simama hapo hapo usigeuke."

"Kwani unanipiga picha?"

"Naangalia kabuti."

Akaacha mzaha. Anko Kibet hukaa dakika nzima bila mzaha akiwa amelala tu. "Unaitaka?" akauliza, bado amenipa mgongo.

"Hapana. Zunguka pole pole."

Akaweka mtungi wa maziwa chini, akazunguka, mikono kando, kama mtu anapimwa suti.

Na kabuti haikuwa nyeusi! Mabega yalikuwa kahawia, yameliwa na jua. Viwiko vilikuwa vimechakaa mpaka vikawa kijivu na kung'aa kidogo. Ndani ya mikunjo kulikuwa na bluu, ile ya mawingu kabla ya mvua. Upande wa kulia kwenye nyonga kulikuwa na mstari mweupe-mweupe, pale rungu lilipokuwa likisugua kila hatua kwa miaka. Nyeusi yenyewe, nyeusi kabisa, ilikuwa chini ya kola tu, na kwapani, na chini ya kifuniko cha mfuko, mahali jua halijawahi kufika.

Hapo nikajielewa. Mimi kabuti ile nilikuwa nikiiona saa kumi na mbili jioni, baba akisimama mlangoni kutuaga, mwanga wote ukiwa nyuma yake. Miaka hiyo yote nilikuwa nakumbuka kivuli, na mtu aliyekuwa ndani sikumwangalia. Nilidhani atarudi asubuhi, kama kawaida, na nitakuwa na wakati.

Nyumbani nilikwangua ile rangi ya viatu na kisu, nikaosha na mafuta ya taa. Nikachanganya kahawia na bluu nzito, nyeusi tone moja tu. Nikapaka yote. Mabegani nikaongeza kahawia. Halafu nikachukua kijivu, nikafuta brashi kwa kitambaa mpaka ikabaki karibu kavu, nikaipitisha juu ya mikunjo kwa wepesi, ishike zile sehemu zimeinuka peke yake. Nyeusi safi nikaiweka chini ya kola na kwapani. Mwisho, kwa ncha ya sindano, ule mstari wa nyonga.

Sikumwita mtu. Nilimsimamisha mezani nikajifanya nasoma Kemia, jambo ambalo lingemshtua mama yeyote.

Mama alipita na sahani. Akarudi. Akamchukua mpaka dirishani, akapitisha ukucha juu ya ule mstari.

"Rungu," akasema. "Nilikuwa namwambia alibebe mkononi, linaharibu kabuti. Hasikii. Unamwambia leo, kesho liko pale pale."

Jebet alikuwa ameshafika, anamvuta nguo. "Baba alikuwa hasikii? Kama mimi?"

"Kuliko wewe," Mama akasema, akaketi, sahani bado mkononi. Na akaendelea. Aliongea mpaka ugali ukaungua, na hakuna aliyeinuka kuuangalia.

Mimi nilisikiliza mambo ya baba ambayo sikuwa nayajua, na nilitamani mwenyewe angekuwepo ayakatae.

Sasa mwanangu, shika hili, kwa sababu ndevu zangu zinanyolewa Jumatatu na heshima yangu itaisha nazo. Ukitaka kupaka nguo nyeusi, itoe nje uiangalie kwanza. Usimwage nyeusi ya kopo mahali pote. Iweke pale jua halifiki, kwingine tafuta rangi ambayo maisha yameacha. Na yule unayempenda, mwangalie leo, mchana, viwiko vyake na mabega yake, hata akuulize unataka nini. Mwambie hutaki kitu.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyo na haraka. Akujalie nyumba ambayo watu wake wanarudi kila asubuhi, wakinuka baridi, wakiuliza kama chai imebaki. Na iwe imebaki.