Uso wa Duka la Mapazia

Kila wifi yake alipoingiza vitambaa vipya dukani, mpiga picha alibadilisha kila kitu studioni isipokuwa mama yake. Kanuni hiyo aliishika kama dini: mteja anayerudi hapewi mwanga wa jana, wala pembe ya jana, wala pazia la jana, lakini aachiwe kitu kimoja anachokijua, macho yake yapate pa kutua. Kitu hicho kilikuwa mama mwembamba aliyeketi wima kando ya dirisha, mara akisoma gazeti, mara akicheka na mtu asiyeonekana. Wanunuzi walimbandika jina, Bibi Pazia, na walimuulizia kabla ya kuuliza bei.

Tangu afiwe na mumewe, mama huyo hakuwa na safari nyingine ila ya studio. Siku nyingi kabla ya picha alianza kupiga pasi, na akirudi nyumbani alikuwa na mazungumzo ya mwezi mzima. Binti yake alilijua hilo. Mkwewe, mwenye duka, alilijua pia, na kujua kwake hakukumzuia.

"Wifi, safari hii nataka kitu kipya," alisema bila hata kuketi.

"Mwanga nimeshaubadilisha. Njoo uone."

"Nani ananunua mwanga? Nazungumzia uso. Watu wamemchoka bibi."

"Bibi yupi?"

"Usinifanye mjinga. Mama. Anazeeka, na mapazia yangu yanazeeka naye."

"Ulipoanza huna hata kiti, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akakupambia duka."

"Nikashukuru. Nishukuru mpaka lini? Kipya kinyemi, wifi."

"Malizia methali."

"Sina muda wa methali. Kama huwezi, sema. Wapiga picha siku hizi wengi kuliko kunguru."

Studio ilisimama kwa kazi za duka hilo. Likiondoka, mlango ungefungwa. Mpiga picha akakubali. Tusimpambe: alikubali.

Ila kumwambia mama hakuweza. Alimpigia kaka yake, mume wa wifi, amsemee, naye akajibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Ni bingwa wa kula kilichopikwa, lakini moto ukiwaka humwoni jikoni. Basi binti akafanya alichokiita huruma. Alimwita mama siku moja kabla ya msichana wa kushika nafasi yake kuja, na kwa kuwa vitambaa vipya vilikuwa bado vimefungiwa dukani, akatundika pazia la msimu uliopita, upande wa ndani ukiwa nje. Angempiga picha, angemsindikiza, na picha zisingefika popote.

Mama aliingia ananukia sabuni. Akaketi, akainua kidevu, kisha, kama kawaida yake, akashika upindo wa pazia kati ya vidole kupima kitambaa. Vidole vikasimama.

"Hili ni la mwaka jana."

"Limefanana tu, mama."

"Upindo huu ulifumuka tukiwa kazini, nikaushona mwenyewe. Uzi wangu huu hapa."

Binti akainama kurekebisha taa ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Atakayekaa hapa anakuja lini?"

"Kesho."

"Anajua kukaa?"

"Ni kijana, mama."

"Sikukuuliza umri."

"Tuache basi. Nikupeleke nyumbani."

"Tuache kwa nini, na nimeshavaa? Piga."

Akapiga. Mama hakumnyima kitu: aligeuka alipoambiwa, akacheka alipoombwa, akatazama dirishani kana kwamba kule nje kuna mtu anayemsubiri. Zilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupigwa, na hapakuwa na mtu wa kuzitundika.

Mlangoni alifunga mtandio taratibu. "Mwambie mkwe wangu sina kinyongo. Halafu mkinihitaji tena, msinihitaji."

Kesho yake msichana alikuja, mrembo, mtulivu, mwenye adabu. Hakuwa na kosa la kuchukiwa. Mwenye duka alisimama nyuma ya kamera akipiga makofi. "Sasa hii ndiyo picha, wifi. Nilikuwa nakwambia." Na kweli ilikuwa picha nzuri. Mpiga picha aliitazama kwa muda mrefu akiitafutia kasoro, hata ndogo, ya kumtetea mama yake. Hakuiona.